Mtoto Aliyesimamishwa Juu ya Kiti



Fungueni Mathayo sura ya 18. Wanafunzi wanauliza nani aliye mkubwa, naye Bwana anamwita mtoto mdogo na kumsimamisha katikati yao. Mtoto yule hakuulizwa ukoo wake. Hakuulizwa kama wazazi wake wangali hai, wala nani alikufa nyumbani kwao mwaka ule. Aliwekwa katikati ili wakubwa wajifunze kwake.

Leo nataka niwaonyeshe mtoto mwingine aliyesimamishwa katikati ya watu. Huyu hayumo katika Biblia. Yumo katika kitabu Jane Eyre, alichokitoa mwanamke wa Uingereza, Charlotte Brontë, mwaka 1847. Msishangae kusikia mhubiri akitaja vitabu vya hadithi. Bwana wetu alifundisha kwa hadithi, na zipo nyingine zinazotufunua kuliko hotuba kumi.

Jane ni yatima wa baba na mama, umri wake miaka 10. Mjomba wake alimpokea, na alipokuwa anakata roho alimtaka mke wake aahidi kwamba atamlea mtoto huyu kama wale wa tumbo lake. Mama yule akaahidi. Lakini nyumbani mwake Jane alipigwa na mtoto wa mjomba, kijana wa miaka 14, na siku aliporudisha pigo alifungiwa peke yake katika chumba kile kile alimofia mjomba. Alilia kwa hofu. Mama alimsukuma ndani tena akafunga mlango kwa ufunguo, na mtoto akazimia. Kisha akatafutiwa shule ya maskini, mbali, na aliyekuja kumpokea ni mtumishi wa Mungu.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye neno langu. Yule mama alimwambia mtumishi wa Mungu: mtoto huyu ni mwongo, mjihadhari naye. Mchungaji hakuuliza neno. Hakumwita mtoto kando. Siku moja alifika shuleni, akamwona Jane ameangusha kibao chake cha kuandikia kikavunjika, akaamuru asimamishwe juu ya kiti kirefu mbele ya walimu na wanafunzi wote. Akawaambia kwamba mtoto huyu, ingawa ana sura kama ya wengine, Shetani amekwisha kumpata kuwa mtumishi wake. Wasicheze naye, wasiongee naye. Walimu wauadhibu mwili wake ili roho yake iokoke. Akaachwa pale juu nusu saa nzima.

Mchungaji huyo huyo alikuwa amekwisha kuagiza wasichana wakatwe nywele, kwa sababu mapambo ni ya dunia. Hajamaliza kusema, mke wake na binti zake wakaingia wamevaa hariri na manyoya ya bei kali, na mama amejitia nywele za bandia. Nawaomba msicheke sana. Tuna wetu.

Na mwandishi hakuyaokota hewani. Mwaka 1824 yeye na dada zake walipelekwa katika shule ya mabinti wa wachungaji huko Cowan Bridge, ambako chakula kilikuwa kibaya na baridi kali. Dada zake wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa, na wote wawili wakafa mwaka 1825, mmoja ana miaka 11, wa pili 10. Shule ile ilianzishwa na mchungaji, kwa nia ya kusaidia.

Wengi wenu mliosoma sekondari mlikutana na Cosette katika somo la Kifaransa. Ni mtoto wa kitabu cha Victor Hugo, Les Misérables, kilichotoka mwaka 1862. Mama yake, Fantine, hana mume wala kazi. Anamwacha kwa mwenye hoteli ndogo huko Montfermeil, naye anakwenda kutafuta maisha. Wanapatana faranga 7 kwa mwezi. Baadaye wanadai 12, halafu 15. Mama anatuma, na mtoto anavaa matambara, anakula chini ya meza pamoja na mbwa na paka, anafagia barabara kabla ya jua kutoka. Siku moja inafika barua: mtoto ana homa kali, tuma faranga 40 au atakufa. Fantine anang'oa meno yake mawili ya mbele na kuyauza. Mtoto hakuwa mgonjwa.

Mama zetu wanaofanya biashara mbali, wanaotuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi ili mtoto wa marehemu dada alipiwe shule, wanielewe. Na ninyi mnaozipokea pesa hizo, mnielewe zaidi. Katika nyumba yako nani anakwenda kuchota maji wakati wenzake wanavaa viatu vya shule? Nani anakula bukari iliyobaki chunguni baada ya sombe kwisha?

Kuna jambo jingine katika hadithi ile ambalo watu hulipita upesi. Wale wenye hoteli walikuwa na binti wawili waliopendwa na kuvalishwa vizuri. Lakini walikuwa na mtoto wa kiume pia, mdogo, ambaye usiku alilia na mama yake hakuamka. Huyo ndiye Gavroche, ambaye baadaye analala barabarani Paris, jinsi mashege wanavyolala Kinshasa. Someni Kutoka 22, mstari wa 22 hadi wa 24, ambapo Mungu anasema atawafanyia nini wanaomtesa yatima, na watoto wao watakuwa nini. Mimi siongezi kitu.

Sasa turudi kwenye kile kiti. Kwa nini mke wa mjomba alimwita Jane mwongo? Kwa sababu alikuwa ameahidi, na ahadi ilimchosha. Jina baya lilimfungulia mlango. Vivyo hivyo kwetu. Baba amekufa, biashara imeanguka, mama wa kambo ana mimba iliyotoka, na ndani ya nyumba yumo mtoto mmoja asiye na wa kumtetea, mwenye macho makubwa, anayekojoa kitandani. Basi huyo ndiye ndoki. Hakuna anayesema: chakula hakitoshi. Inasemwa: amekula baba yake. Halafu analetwa kanisani ili mtu wa Mungu aithibitishe hukumu ambayo jamaa wamekwisha kuikata.

Sisi wa makanisa ya unabii tunaamini kwamba Roho hufunua siri. Mimi naamini. Lakini katika Yohana 9 wanafunzi walimwuliza Bwana nani alitenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, naye alikataa swali lenyewe. Akamponya. Wale waliomfunga mtoto kamba, wakamnyima chakula siku tatu na kuiita saumu, wakamtia pilipili machoni, walikuta wapi njia hiyo? Hata serikali imesema. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2006 kinakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3. Ni aibu kwetu kwamba sheria ilitutangulia.

Tena kuna mwalimu katika hadithi ya Jane, Bi Temple. Hakupiga kelele, wala hakugombana na mchungaji. Alimwita mtoto chumbani mwake, akampa chai na mkate, akamwambia: jieleze. Kisha akamwandikia barua mganga aliyemtibu Jane siku ile alipozimia. Jibu lilipofika, baada ya kama juma moja, alikusanya shule nzima na kutangaza mbele ya masikio yale yale kwamba mtoto huyu hana hatia.

Naungama kwenu. Miaka mingi iliyopita, katika kanisa moja nisilolitaja, nilikuwa nimeketi mstari wa mbele wakati binti wa kama miaka 9 alipopandishwa madhabahuni na baba yake mdogo. Alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Nabii alisema lile alilosema, kusanyiko likapiga mayowe. Mtoto aliangalia huku na huku, akakuta macho yangu, kwa kuwa nilikuwa karibu. Nilifungua kitabu cha nyimbo, nikajifanya natafuta ukurasa.

Jumapili iliyofuata hakuwepo. Mama mmoja aliniambia amemwona sokoni, analala chini ya meza za wauza samaki. Nilisema nitakwenda. Nilikwenda baada ya majuma matatu, na wauzaji hawakujua amekwenda wapi. Kama yu hai, leo ni mwanamke mzima. Hakuna aliyekusanya kanisa lile kutangaza kwamba hakuwa na hatia.