Ushahidi wa Mashine

Mwaka 1957, Berni Alder na Thomas Wainwright wa maabara ya Livermore, California, waliipa kompyuta matufe magumu 32, kisha 108, yanayogongana bila kuvutana hata kidogo. Yaliposongamana kiasi fulani yalionyesha hali mbili: kuzagaa kama kimiminika au kujipanga kama fuwele. Wanafizikia wengi walishikilia kwamba chembe zisizovutana haziwezi kuganda, ingawa John Kirkwood, mwalimu wa Alder, alikuwa amelibashiri jambo hilo. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wataalamu huko New Jersey, suala likapigiwa kura ya kunyoosha mikono, na pande mbili zikakaribia kulingana. Kura ya namna hiyo ni kituko katika sayansi, lakini inafichua swali halisi: kinachotoka kwenye kompyuta ni ujuzi, au ni imani tu?

Wapinzani husema mashine hairudishi ila ilicholishwa. Ni kweli, lakini kukubali kanuni si kujua yote yanayotokana nayo. Wanahisabati wamekuwa wakichimbua matokeo mapya ndani ya kanuni za kale tangu zama za Euclid. Sheria za Newton, ambazo ndizo kanuni iliyopewa kompyuta ile, walizijua wote waliopiga kura, na bado nusu yao hawakuona kuganda kulikojificha ndani yake. Baadaye, kufikia mwaka 1970, Alder na Wainwright, wakitegemea programu za Mary Ann Mansigh (jina ambalo husahauliwa mno), walionyesha kwamba chembe hubaki na athari ya mwendo wake wa awali kwa muda mrefu kuliko nadharia ilivyodai. Safari hii wananadharia ndio waliofuata nyuma kutafuta sababu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna binadamu awezaye kukagua kila hatua ya hesabu hizo. Hapo mashine inakuwa shahidi, na shahidi mmoja hatoshi. Lakini katika maabara ya Los Alamos, watafiti Wood na Jacobson walitumia njia tofauti, ya kubahatisha, wakapata matokeo yaleyale ya kuganda. Mwaka 1986 watafiti Pusey na van Megen wakaona vipunje halisi vya plastiki ndani ya kimiminika vikijipanga hivyohivyo. Bila vipunje hivyo tungejua tu tabia ya matufe ya kufikirika, maana kompyuta haithibitishi kwamba ulimwengu unafuata kanuni tulizoipa. Hata hivyo, hadi leo hakuna aliyethibitisha kwa kalamu na karatasi kwamba matufe magumu lazima yagande, wala hakuna mwanafizikia anayeomba kura irudiwe.