Motokari ya Zamani Yasafiri Tena: Je, Ni Ile Ile?

Katika nchi za Ulaya wako watu wanaopenda motokari za zamani kuliko mpya. Mtu ananunua motokari iliyooza nusu katika ghala la mkulima. Anaifungua vipande vipande, anaifanyia kazi jioni na siku za mapumziko, pengine miaka mingi, hata siku moja mashini inawaka. Na hapo hakai kuitazama. Anaitia petroli na kuanza safari ya maelfu ya kilometa.

Wengine huwacheka watu hao. Mimi siwacheki, ila nina swali, nalo si la fundi bali ni la dhamiri. Motokari iliyopata mwili mpya, magurudumu mapya, pengine hata mashini nyingine, ndiyo ile ya zamani? Na mwenyewe akisimama njiani na kuwaambia watu, «Hii ni ya mwaka 1929», anasema kweli?

Swali ni la kale. Plutarch, mwandishi Mgiriki, alisimulia habari ya merikebu ya Theseus waliyoitunza watu wa Athene. Ubao ukioza waliutoa na kutia mwingine, hata wenye hekima wakabishana kama merikebu ni ile ile au siyo. Lakini nasi twalijua swali hilo bila kusoma Plutarch. Nyumba ya manyasi hubadilishwa paa, hubadilishwa miti, hupakwa udongo upya, na watoto wasema bado: hii ni nyumba ya baba. Na lori lipandalo milima ya Kivu? Fundi alitoa kasha la gia katika lori moja na ekseli katika jingine. Mwenye lori haulizi kama ni lile lile. Auliza kama litafika.

Siku ya kuuza, hata hivyo, swali larudi kwa nguvu. Mwaka 1990 lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Uingereza. Motokari iliyogombewa ilikuwa Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mwaka 1932 ilijengwa upya kwa mashini kubwa zaidi, na mwendeshaji Clive Dunfee akafa nayo katika mashindano ya Brooklands. Kisha ikatengenezwa tena kwa umbo jingine. Miaka mingi baadaye watu fulani walikubali kuinunua kwa paundi milioni 10, halafu wakakataa, wakisema: hii siyo ile iliyoshinda. Mjuzi mmoja alishuhudia kwamba katika vipande vya mwaka 1930 vilibaki vichache mno, kama kasha la gia na mti wa usukani.

Mwamuzi alisema nini? Alisema ni yenyewe. Si kwa ajili ya chuma chake, bali kwa sababu historia yake haikukatika, wala hapakuwa na motokari nyingine duniani iliyoweza kudai jina lile. Wanunuzi wakashindwa.

Naona alikata vema. Lakini hukumu ile haimpi kila fundi ruhusa ya kufanya apendavyo. Wako watu wanaochukua kibao kidogo cha namba, kilichobaki katika motokari iliyokufa, wakakipigilia kwenye nyingine iliyotengenezwa jana. Kisha wanaiita ya zamani. Hapo historia imekatika, na kibao kimekuwa shahidi wa uwongo. Kizuri chajiuza, wasema wazee. Na kweli, mwenye kitu kizuri ana haja gani ya kuficha kilichobadilishwa? Chama cha mataifa cha motokari za zamani, FIVA, kilichoundwa mwaka 1966, kina hati iitwayo ya Torino. Hiyo yataka kazi zote ziandikwe, na kipande kipya kitiwe alama. Shauri hilo lanipendeza, kwani alama ndogo ya fundi yamzuia mwuzaji wa kesho asidanganye hata akitaka.

Sasa yabaki safari yenyewe. Wengine wasema: iacheni katika makumbusho, maana kila kilometa yala chuma cha asili. Ni kweli, yala. Lakini motokari isiyotembea haitufundishi kitu kuhusu joto lake, harufu yake, wala uchovu wa wale walioiendesha. Mimi ningesema hivi: ikiwa ni ya pekee, haikuguswa tangu kiwandani, ipumzike, kwani mwenyewe ni mlinzi tu, nao watakaozaliwa wana haki ya kuiona. Ikiwa ina dada wengi, au imekwisha kutengenezwa upya, iende.

Wanaotoka Peking kwenda Paris kwa motokari za zamani, kama ilivyofanywa tena mwaka 1997 na mara kadhaa baadaye, hufuata nyayo za wale wa mwaka 1907. Motokari 5 ziliondoka Peking tarehe 10 Juni mwaka ule. Scipione Borghese, mwenye Itala, aliingia Paris wa kwanza tarehe 10 Agosti. Njiani, nchini Urusi, gurudumu lake la mbao lilivunjika, na seremala wa kijijini akalitengeneza kwa shoka. Hakuna aliyesema Itala si Itala tena.

Lakini mwingine, Auguste Pons, aliishiwa petroli katika jangwa la Gobi pamoja na mwenzake. Wengine walikuwa wamekwisha kwenda mbele. Wenyeji wahamaji wa nchi ile, wasio na motokari wala hamu ya mashindano, waliwakuta karibu ya kufa kwa kiu wakawaokoa. Leo msafiri ana simu, na mafundi wafuata nyuma kwa gari jingine. Mwanzo na mwisho wa njia ni ule ule, na motokari ni za zamani. Sijui mtu aliyejitayarisha hivyo atajuaje kama angesimama kwa ajili ya Pons.