Pumu ya Mtoto Siku Asipobanwa

Mtoto mwenye pumu akibanwa usiku wa manane, nyumba nzima huamka. Gari litaazimwa kwa jirani, pesa itapatikana, na kabla ya alfajiri atakuwa amefika hospitali. Kwa hilo wazazi wengi hawana deni. Deni liko katika wiki zile ambazo mtoto anakimbia na mpira na dawa yake imesahaulika juu ya kabati.

Pumu haiondoki kifua kinapofunguka. Njia za hewa hubaki na uvimbe ndani, na mafua, vumbi au moshi kidogo huzichokoza. Salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa kwenye inhela ya buluu, hulegeza misuli iliyobana kwa dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Uvimbe haiugusi. Inayotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, ambayo daktari akiiandika huvutwa kila siku, hata mtoto akiwa mzima kabisa. Kumpa dawa mtoto asiyelalamika ni kazi ngumu kuliko kumkimbiza hospitali.

Halafu kuna lile neno la mtaani: akizoea inhela hataiacha. Limewaponza wengi. Inhela hailevyi. Steroidi ya kuvuta hupimwa kwa maikrogramu. Prednisoloni anayomeza mtoto aliyezidiwa hupimwa kwa miligramu, na kila miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Anayeikimbia dozi ndogo huishia kumpeleka mwanawe kwenye ile kubwa.

Kuvuta nako kuna ufundi wake. Mtoto akipuliziwa moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hunata ulimini na kooni. Ndiyo maana inhela huchomekwa kwenye chombo cha kuvutia dawa (spacer). Cha dukani ni ghali, lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako kutoshea inhela na kuzibwa vizuri, huwafaa watoto waliobanwa kama kile cha kununua. Mhudumu wa kliniki akuoneshe kuitengeneza. Puliza mara moja, mtoto avute pumzi tano au sita, ndipo upulize tena. Baada ya steroidi asukutue, asiote utando mweupe mdomoni.

Nyumbani kuna moshi. Jiko la mkaa litolewe nje au liwekwe dirishani, na mtoto asipakatwe karibu nalo. Sigara inayovutwa barazani huingia ndani na shati la mvutaji. Ajabu, mvutaji huyo huyo ndiye wa kwanza kulaumu vumbi la shule.

Shuleni, mwalimu aambiwe. Wapo wanaoficha, hasa kwa binti, wasije wachumba wakasikia. Mtoto aliyefundishwa kuficha pumu atajificha nayo hata siku anayobanwa uwanjani, na inhela itakuwa bwenini, chini ya nguo sandukuni. Afundishwe mapema kusema kifua kimeanza kubana, na kabla ya kwenda bweni ajue kuhesabu dawa yake. Kopo la salbutamoli kwa kawaida lina mipulizo 200. Dawa ikiisha gesi huendelea kutoka, kwa hiyo kulitikisa na kusikiliza hakumwambii kitu.