Tumshukuru muuguzi hata kama mgonjwa hakupona



Ndugu zangu Waislamu, mwaka jana nilipeleka ombi dogo kwenye kamati ya msikiti wetu. Niliomba msikiti umwandikie barua ya shukrani muuguzi mmoja wa wodi ya watoto mahututi, katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, na nakala iende kwa mkuu wake wa kazi iwekwe kwenye faili lake. Mzee mmoja wa kamati, ambaye namheshimu sana, akauliza: "Mwalimu, lakini mtoto si alifariki?"

Ni kweli, binti yangu alifariki. Alikuwa na miaka miwili, nimonia ikamzidi, akakaa siku sita kwenye mashine ya kupumulia. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Lakini swali lile halikuniacha nilale.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale wa mkono, mshipa ukakatika. Mtume (s.a.w.) akaamuru awekwe katika hema la Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, lililokuwa pale msikitini, ili awe karibu apate kumzuru. Bibi huyo alikuwa akiwatibu majeruhi kwa kutaraji thawabu. Saad hakupona. Jeraha lilifumuka, akafariki. Je, kuna Muislamu aliyesema kuwa Rufaida hakufanya kitu? Uhai na mauti ni vya Allah. Muuguzi ataulizwa juu ya uangalizi wake.

Na uangalizi wa wodi ile si mchezo. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo za mwili wake. Nukta ikikosewa mahali pake, dozi inakuwa mara 10. Mtoto hawezi kusema anaumwa wapi, kwa hiyo muuguzi anasoma rangi ya midomo, joto la miguu, mkojo umetoka kiasi gani. Anamgeuza asipate vidonda, anamvuta makohozi kwa mpira. Usiku kucha nilimwona akinawa mikono kila alipotoka kitanda kimoja kwenda kingine, hata nikakumbuka udhu.

Siku ya tatu niliingia na chupa ya zamzam nimnyweshe mtoto. Akanizuia. Nilimjibu vibaya, tena mbele ya watu, kwamba yeye hajui thamani ya maji yale. Hakupandisha sauti. "Ustaadh, ana mpira kooni, hawezi kumeza, yatateremka mapafuni. Lowesha kidole umpake kwenye paji la uso. Halafu msomee, huenda anasikia." Mimi ninayefundisha watu adabu ndiye niliyefundishwa pale. Nilimwomba radhi kesho yake, na bado naona haya.

Binti yangu alipofariki alfajiri, zamu ya muuguzi yule ilikuwa imekwisha. Hakuondoka. Alimtoa mipira taratibu, akamfunga macho, akaenda mwenyewe kuhangaikia karatasi za kutolea maiti kwa sababu, alisema, anajua Waislamu hatupendi kuchelewesha. Tulizika baada ya adhuhuri.

Kwenye kamati ikazuka hoja nyingine: si Muislamu, na analipwa mshahara. Hoja hii nyepesi. Mtume (s.a.w.) katika Hijra aliajiri mwongoza njia, Abdullah bin Uraiqit, mshirikina, akamlipa na akamwamini. Na Mut'im bin Adiy, aliyempa ulinzi aliporudi kutoka Taif, alikufa bila kusilimu. Hata hivyo baada ya Badr Mtume alisema kuwa lau angekuwa hai akawaombea mateka wale, angemwachia. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya wema. Sisi masanduku ya maoni hospitalini tunayajaza malalamiko (mengine ya haki kabisa), lakini ni nani kati yetu aliyewahi kutumbukiza jina la muuguzi kwa wema?

Barua ilipitishwa. Mzee yule ndiye aliyeomba aongezewe mstari wa kumtaja binti yangu. Niliipeleka mwenyewe. Muuguzi alikuwa kitandani kwa mtoto mwingine; akanionyesha kwa kichwa, kupitia kioo, niiache mezani.