Ishara Katika Msitu wa Kale

Qurani Tukufu inapotaka kumthibitishia binadamu kwamba Mwenyezi Mungu anaweza kuhuisha kilichokufa, mara nyingi humwelekeza aitazame ardhi aliyoizoea, jinsi inavyokauka na jinsi inavyoota tena baada ya mvua. Mkulima wa kwetu huifahamu dalili hii bila ya kufundishwa. Katika nchi za baridi dalili hiyo ina sura nyingine, nami ningependa tuizingatie pamoja, hasa wewe uliyeingia katika dini hivi karibuni, na wewe ambaye ungali ukiichunguza.

Kusini mwa Uingereza iko misitu iitwayo misitu ya kale. Jina hilo halitumiwi ovyo. Katika England na Wales msitu huhesabiwa kuwa wa kale iwapo mahali pake pamekuwa msitu bila kukatizwa tangu mwaka 1600 au kabla yake, nayo imebaki michache. Wakati wa baridi miti yake hupukutisha majani, kama mbuyu wetu wakati wa kiangazi, ikasimama mitupu kana kwamba imekufa. Kisha, katika miezi ya Aprili na Mei, chini ya miti hiyo huchanua ua dogo la rangi ya buluu iliyoelekea zambarau, lililoinamisha kichwa, ambalo Waingereza wameliita kengele ya buluu kwa sababu ya umbo lake. Halichanui moja moja. Sakafu nzima ya msitu hugeuka rangi, na atazamaye kwa mbali hudhani ameona moshi. Watu hutoka mijini pamoja na watoto wao kwenda kutembea humo. Nimepata kutembea miongoni mwao, na nimeona kwamba hata wale wasiosali huteremsha sauti zao waingiapo.

Lakini sikukusudia kukusimulia uzuri. Nataka tuulize uzuri huo umetoka wapi.

Mbegu ya ua hili ikianguka, haitoi ua mwaka unaofuata, wala mwaka wa pili. Kwa kawaida hupita miaka kama 5 ndipo mmea uchanue kwa mara ya kwanza. Katika miaka hiyo yote hutoa majani membamba tu, mfano wa nyasi, ambayo mpita njia hayatazami mara mbili. Kazi yake iko chini. Huko hujenga kitunguu chake, nao una mizizi ya ajabu inayojikunja na kujikaza, ikikivuta kitunguu kishuke zaidi udongoni. Yaani, wakati sisi twadhani mmea haufanyi kitu, wenyewe unashuka. Tena nyuzi nyembamba za kuvu huingia katika mizizi hiyo na kuuletea chakula ambacho peke yake usingekipata vya kutosha.

Utazame pia wakati wake. Majani huchomoza baridi ikingali ipo, kwa sababu nuru ya jua hufika chini ya msitu kwa muda mfupi tu. Miti ikisha kuvaa majani yake, paa la msitu hufungika na kivuli hutanda. Sehemu kubwa ya chakula cha mwaka mzima yapasa ikusanywe kabla ya hapo.

Basi, ndugu uliyesilimu mwaka jana au mwaka juzi, malalamiko yako nayajua, kwani nimeyasikia kwa wengi: "Nasali, wala sioni ladha. Nilitumaini moyo wangu ungejaa nuru. Kumbe nasimama na kusujudu, na akili yangu iko sokoni. Jamaa zangu wamenitenga, nami sina cha kuwaonyesha." Wako walioacha sala kimya kimya kwa ajili ya hayo. Hawakukanusha lolote, waliangalia tu wakaona hakuna ua. Jambo hili si dogo, maana roho ya mtu yaweza kupotea humo. Lakini ni nani aliyekuahidi ua katika mwaka wa kwanza? Mtume wetu s.a.w. alikaa Makka miaka 13 baada ya kupewa utume, na wale wachache waliomwamini mwanzoni walikutana kwa siri katika nyumba ya Arqam. Naye alifundisha kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Sala yako isiyo na ladha ni jani. Jani halishangiliwi na mtu, lakini ndilo linalopokea jua.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likakushangaza. Kinachoudhuru sana mmea huu ni kukanyagwa majani yake. Jani lililopondwa haliwezi tena kutengeneza chakula, kitunguu hudhoofika, na mahali palipokanyagwa huweza kukaa miaka kadhaa bila kurudia hali yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa mwituni bila idhini ya mwenye ardhi, na tangu mwaka 1998 biashara ya vitunguu vya ua hili vilivyochimbwa mwituni imekatazwa. Sheria hizo zaweza kumzuia mwizi. Lakini wanaokanyaga si wezi. Ni wapenzi wa ua lenyewe, waliotoka njiani hatua mbili tatu ili walione kwa karibu au wampige mtoto picha.

Hapo nawaelekea ninyi mliotangulia katika dini. Mgeni huja msikitini, na kabla hajahifadhi Fatiha, huyu amemkosoa vazi, yule matamshi, wa tatu amemwuliza kwa nini hajabadili jina. Wote wanampenda! Bedui mmoja alipata kukojoa ndani ya msikiti wa Madina, na masahaba wakamwinukia kwa ukali. Mtume s.a.w. akawazuia, akamwacha amalize, akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale, kisha akamweleza kwa upole msikiti ni mahali pa nini. Ndoo moja ilitosha.

Na wewe mchunguzi, sikuhimizi uamue leo. Uchunguzi wa haki una muda wake. Ila shughuli za dunia nazo huota majani, na moyo ulio wazi mwaka huu waweza kufunikwa mwaka ujao bila wewe kujua ni siku gani ulifunikwa. Kwa hiyo amka usiku mmoja, watu wakiwa wamelala, umwombe Muumba wako kwa lugha uliyonyonya kwa mama yako, kwamba kama njia hii ni Yake akuonyeshe. Usiku wa pili uamke tena.