Betri Mpya, Stata Mpya, Gari Lilelile

Mchuuzi mmoja wa samaki wa Bagamoyo alikuwa na pikapu iliyoanza vituko. Alfajiri inawaka mara moja. Akishashusha mzigo soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, anazungusha ufunguo, inasikika "tik", taa za dashibodi zinafifia, basi. Vijana wakiisukuma, inawaka, na kesho yake haina tatizo.

Mafundi wakamwambia betri imechoka, akanunua mpya. Gari likagoma tena, akabadilisha stata, kisha altaneta. Kila kifaa kipya kikifungwa, nyaya zinaguswa na gari linatulia siku chache. Utulivu huo ndio uliomponza, maana kila mara aliamini amepata dawa. Usiku mmoja alizima gari kidogo njiani, Bunju, akiwa na matenga yamejaa, likakataa kuwaka. Samaki wote wakaharibika. Siwalaumu mafundi peke yao: mwenye gari naye alikuwa akiwapelekea gari likiwa zima, akitaka watibu ugonjwa ambao haukuwepo saa hiyo.

Ndipo akampata dada mmoja, fundi umeme, ambaye hakufungua hata nati. "Mzee, likigoma usilisukume. Niite."

Lilipogoma, akapima betri: volti 12.6, imejaa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akasema, "Piga stata." Mita ikapanda hadi volti 4. Hapo haifai kuzidi hata nusu volti.

"Betri yako nzima, mzee. Umeme unapotelea kwenye athi."

Waya wa athi wa injini, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, ulionekana mzima kwa nje. Ndani ya ganda, nyuzi zilikuwa unga wa kijani, zimeliwa na maji ya chumvi yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye matenga. Injini ikiwa baridi, nyuzi chache zilizobaki ziligusana; ikipata moto, zikaachana.

Akafunga waya mpya, akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa. Mzee akataka kuondoka. Dada akamzuia, akamwonyesha kebo ya akselereta iliyobabuka. Stata hula zaidi ya ampea 100, na umeme huo ukikosa athi hurudi kwenye betri kwa njia yoyote ya chuma, hata kebo nyembamba, ikapata moto.

"Hii nayo tubadilishe leo leo, mzee. Itanasa siku umekanyaga mafuta."