Pesa ya Wazee

Pesa ya wazee inapoingia, hapa Kibirichia, Meru, hukosi kusikia kijana akinung'unika kwamba serikali inagawa pesa ya bure huku mkulima wa viazi akikamuliwa na madalali kwa lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo. La lumbesa ni kweli tupu. Hilo la bure ndilo linalonikwama kooni.

Mwaka wa 2018 Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wanyonge pesa, ilifunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni: shilingi 2,000 kwa mwezi. Wa kwanza kuandikwa, basi, walizaliwa 1948 au kabla, katika nchi ambamo rangi ya ngozi iliamua nani alime wapi. Fuata barabara ya Nanyuki hadi Timau. Kule kulikuwa Nyanda za Juu za Wazungu. Mmeru aliingia kama kibarua. Kahawa nayo wazazi wao walikatazwa kuipanda hadi miaka ya 1930, na hata Meru iliporuhusiwa, ilikuwa kwa kipimo na chini ya macho ya wakubwa. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952 na vibali vyake vya kutembea. Mtu aliyezuiwa kuchuma akiwa na nguvu, leo tunamwambia anakula bure!

Kwingineko hata msaada wenyewe ulipimwa kwa rangi. Afrika Kusini ilianzisha pensheni ya wazee 1928 ikawaacha Waafrika. Ikawaingiza 1944 kwa malipo ya chini, na usawa ukafika 1993. Marekani nako, sheria ya pensheni ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, kazi walizofanya watu weusi wengi. Sheria hiyo haikutaja rangi. Haikuhitaji.

Sitii chumvi: elfu mbili hairudishi hata robo ekari, na kiwango hicho hakijasogea kwa miaka mingi, ilhali bei ya unga imesogea sana. Mashamba makubwa ya ngano na maua yangali Timau. Lakini kidogo kinacholipwa kwa haki hakigeuki sadaka kwa sababu ni kidogo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima.

Kwa hiyo, ukimsindikiza nyanya yako kuchukua pesa yake, usimwambie ashukuru. Mhesabie noti zake, umkabidhi mkononi, zote.